Mgongo wa Hosiyat, Mwoka Mikate wa Istaravshan

Nilipoolewa katika nyumba ya Hosiyat, kitu cha kwanza nilichokifahamu juu yake kilikuwa sauti ya makofi. Jua halijachomoza, tanuri la uani lilikuwa limeshashika moto, na yeye ameinama, kichwa na mabega ndani ya mdomo wa tanuri, anabandika mikate ukutani mwake. Pa. Pa. Pa. Mimi bibi harusi mpya nilijilaza pale ndani nikiona aibu kwamba mama mkwe anafanya kazi na mimi nimelala. Siku nilipojikaza nikatoka kumsaidia, alinitazama, akacheka.

"Munzifa, mwanangu, rudi ulale. Ukiniharibia mikate leo, nitamrudisha mume wako Urusi kabla ya likizo yake kwisha."

Mkate wake ulijulikana soko zima la mji wetu wa Istaravshan. Kila mwoka mikate ana muhuri wake wa misumari midogo wa kuchomea unga katikati ili usivimbe, na wa Hosiyat ulikuwa umepigwa nyundo vibaya na fundi aliyeutengeneza, ukatoka na ua lenye jani moja lililopinda. Watu walitafuta jani lile. Alikuwa mjane tangu mume wangu Siyovush akiwa mdogo, na tanuri lile ndilo lililomlea yeye na watoto.

Mgongo wake haukupinda kwa siku moja. Mimi niliutambua kwa nguo. Gauni lake la hariri ya atlasi, ambalo mwaka wa harusi yangu lilikuwa limelingana vizuri, lilianza kuburura mbele huku nyuma likipanda juu ya vifundo vya miguu. Nikalipunguza mbele. Baada ya muda likaburura tena. Halafu akaacha kuanika nguo kwenye kamba ya juu, akasema kamba imepandishwa. Hakuna aliyeipandisha. Akawa anakula vijiko vichache vya pilau na kusukuma sahani, tumbo limejaa. Akipanda mtaa wetu wenye mwinuko, anasimama kwenye geti la kila jirani, eti anasalimia.

Nyuma ya shingo yake, kati ya mabega, palikuwa pametoka kitu kama mkate uliovimba. Ukizungumza naye ilibidi ainue macho na nyusi ndiyo akuone.

Sokoni, mwoka mikate mwenzake Sabohat hakuacha kumtania. Hawa wawili walikuwa na ugomvi wa zamani juu ya kona ya karibu na lango, ambapo wateja hupita kwanza.

"Dada Hosiyat, kuna nini chini? Umedondosha sindano?"

"Naitafuta akili yako, shoga. Jana ulikuwa nayo hapa hapa."

Watu wakacheka, yeye akacheka, mkate ukauzwa. Nyumbani nikimwambia twende hospitali, alipunga mkono. "Mama yangu alikuwa hivi. Bibi yangu alikuwa hivi, mpaka akawa anaongea na kuku ana kwa ana. Ukoo wetu unainama, ndivyo ulivyo."

Vuli moja gari la unga lilifika. Dereva alikuwa na haraka, akashusha magunia nje ya geti, akaondoka. Mama, ndivyo nilivyomwita mama mkwe wangu, hakusubiri. Alishika gunia moja pembeni alivute tu hadi kivulini, hata hakulibeba. Nilikuwa nafagia. Nilimwona akisimama ghafla, mkono mmoja hewani, kisha akakaa chini polepole juu ya gunia lenyewe kama mtu anayekalia yai.

"Mama?"

"Kuna kitu kimelia ndani," akasema. Uso ulikuwa mweupe kama unga. "Kama kijiti kimevunjika ndani ya blanketi."

Tulimwingiza ndani mimi na jirani. Usiku na mchana akawa hawezi kujigeuza, hawezi kukohoa, hawezi kucheka. Hilo la kushindwa kucheka ndilo lililonitisha zaidi. Majirani walikuja na dawa zao. Mmoja akaleta mafuta ya mkia wa kondoo. Mwingine alikuwa na habari ya mtu wa kijiji cha jirani anayekanyaga watu migongo.

"Anapanda juu na miguu yake miwili," alisema. "Unasikia kra kra kra, unainuka umenyooka kama mkuki."

Mama alifumba macho. "Mwambie nashukuru. Mimi nimezaa watoto, sijazaa barabara ya watu kupita."

Baada ya wiki chache maumivu yalipungua kidogo, akarudi kwenye tanuri, akiwa ameinama kuliko mwanzo. Mimi nilikanda, nikabeba, nikapeleka sokoni. Ndipo yakaanza maneno. Mwanamke mmoja mzee anayeuza vitunguu alimwangalia Mama akipita, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba bibi yake alikuwa na nundu kama ile ile na ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na nyumba nzima ilikwisha. Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alikuwa anakumbuka. Lakini ukishatamka kifua kikuu mbele ya mkate, mkate umekwisha.

Wateja wetu walianza kupita wakiangalia upande mwingine. Kikapu kilirudi nyumbani kimejaa. Tulikula tulivyoweza, tukakausha, tukalowanisha kwenye supu, mwisho nikampa ng'ombe wa jirani. Mama alinikuta nikimrushia ng'ombe mkate wenye lile jani lililopinda. Alikaa kwenye ngazi na mgongo wake ule, akaangalia mikono yake.

Jioni aliniambia, "Nipeleke mjini Khujand kwa daktari. Si kwa sababu ya maumivu. Nataka nijue kama nimekuwa nawalisha watu ugonjwa."

Daktari wa mifupa aliitwa Lutfiya, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyelelewa na kaka wengi. Nilidhani atamwangalia Mama dakika moja na kuandika dawa. Alimwuliza mambo ambayo hata mimi sikuwahi kumwuliza. Hedhi ilikoma lini? Mapema, alisema Mama, wanawake wenzake walikuwa bado wanazaa. Alikuwa na urefu gani zamani? Mama akasema alikuwa anamzidi marehemu mume wake, mpaka siku ya harusi wakamkataza kuvaa viatu virefu. Je, anakohoa, anatokwa jasho usiku, amekonda? Kuna homa za jioni? Ganzi ya miguu? Akamsimamisha ukutani, visigino vimegusa ukuta, na akapitisha ngumi yake kati ya ukuta na kisogo cha Mama. Ngumi ikapita na nafasi ikabaki.

"Jaribu kugusa ukuta kwa kichwa."

Mama alijaribu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kichwa hakikufika.

"Sasa wewe," daktari akaniambia. "Ndiyo, wewe mkwe. Simama hapo."

Nikasimama. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Unanyonyesha?"

"Ndiyo, daktari."

"Na mkono mwingine umeshika simu."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya gunia, kisha akashika mbavu. Daktari akanivuta mabega, nikanyooka. Akamgeukia Mama.

"Umeona? Huyu amepinda kwa mazoea. Ukimwambia nyooka, ananyooka, maana mifupa yake ni mizima na kilicholala ni misuli. Yule binti mliyemkuta kwenye benchi nje, aliyevaa mshipi mgumu ndani ya gauni, yeye mifupa yake inakua na umbo la upande upande. Tumemuwahi akiwa bado anarefuka, mshipi utamsaidia. Wewe, Mama Hosiyat, hunyooki hata ukiamrishwa na mfalme. Tupige picha tujue kwa nini."

Eksirei ilipotoka aliibandika kwenye kioo chenye taa. Alichukua vipande vya sabuni kutoka kwenye beseni la kunawia, akavipanga kimoja juu ya kingine.

"Pingili za mgongo zimekaa hivi. Sasa angalia zako hapa katikati ya mgongo wa juu. Tatu zimebonyea upande wa mbele, nyuma ziko sawa." Akabonyeza sabuni laini kwa kidole gumba, akazirudisha kwenye mnara, na mnara ukainamia mbele. "Mbili zilibonyea zamani na hukujua. Ya tatu ndiyo ile iliyolia siku ya gunia."

"Kifua kikuu?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Damu na picha ya kifua tutapima tuwe na hakika. Lakini hapa sioni dalili yake. Hii ni mifupa iliyoisha nguvu ndani, imebaki na matundu kama mkate uliochacha kupita kiasi. Inawapata wanawake wengi baada ya hedhi kukoma, na kwenye ukoo wako inaelekea ndiyo njia. Na nikwambie jambo moja, mama yangu. Hata ungekuwa na kifua kikuu cha mfupa, hakimpati mtu kwa kula mkate uliotoka kwenye moto."

Mama alianza kulia. Alilia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kulimwumiza, na daktari akamshika mkono, akanyamaza naye. Sijasahau kunyamaza kule. Nje foleni ilikuwa ndefu, watu wanagonga mlango, na yeye alikaa tu.

Majibu ya vipimo yalikuja na kusema alivyosema. Dawa ilikuwa kidonge cha mara moja kwa wiki, pamoja na vidonge vya kalsiamu ya mifupa na matone ya vitamini D, kwa kuwa Mama alikuwa anaoka kabla ya jua na kukaa sokoni chini ya turubai, mikono imefunikwa. Akaonyeshwa mazoezi. Akapewa mkanda wa kuvaa kwa wiki chache tu, usije ukaifanya misuli ilegee. Halafu zikaja zile habari mbaya.

"Asiiname mbele na mgongo uliopinda. Akitaka kuokota kitu, akunje magoti na nyonga. Asibebe gunia. Mtu asimkanyage mgongo wala kumvutavuta."

"Na tanuri?" Mama akauliza.

"Tanuri la kuinamia? Hapana."

"Basi nipe dawa ya kuwa mtu mwingine," Mama akasema, "maana huyu hajui kazi nyingine."

Daktari alimwambia ukweli wote. Pingili zilizobonyea hazitarudi kuwa kama zamani. Upasuaji kwake haukuhitajika. Kazi yetu ilikuwa kuzuia ya nne isibonyee na kuamsha misuli ya mgongo imshike. Mama aliniambia ndani ya gari kwamba alipenda kuambiwa hivyo. Alikuwa amechoka kuahidiwa mkuki.

Kesho yake asubuhi geti liligongwa kwa teke. Alikuwa Sabohat, mikono imejaa unga hadi viwiko.

"Yuko wapi?"

"Amelala, Dada Sabohat. Daktari amesema…"

"Nimesikia daktari amesema nini, mtaa mzima umesikia." Akaingia, akamkuta Mama juu ya godoro na ule mkanda. Akasimama mlangoni. "Nipe muhuri," akasema.

"Muhuri gani?"

"Wako. Wenye jani la kilema. Nitaoka mkate wako kwenye tanuri langu mpaka upone. Huyu mkwe wako atanionyesha kipimo cha maziwa, maana najua unaweka maziwa, usinifiche."

Mama alimtazama sana. "Kwa nini, Sabohat?"

"Kwa sababu kona yote sasa ni yangu, na siipendi. Nani wa kumtania? Yule wa vitunguu hajui hata kujibu."

Mama akanituma nilete muhuri.

Nilikuwepo sokoni siku ya kwanza. Sabohat aliweka mikate yake upande wa kulia, ya Mama upande wa kushoto, akajaza kifua hewa. "Mkate wa Hosiyat! Njooni! Mwenyewe ana mifupa dhaifu, kifua kikuu hana! Anayemwogopa yeye aniogope na mimi, basi asinunue popote, nimekunywa chai naye kikombe kimoja!" Akavunja mkate wa Mama mbele ya watu, akala kipande chote amesimama, akitafuna kwa madoido. Yule mama wa vitunguu alikuja wa kwanza. Alinunua miwili na kumtumia Mama salamu na kilo nzima ya vitunguu. Tangu siku hiyo kikapu hakikurudi kimejaa.

Majira ya baridi tuliyamaliza kwa mazoezi. Mama alisimama ukutani, kidevu ndani, akisukuma kisogo nyuma. "Nimekuwa kama mtoto wa shule aliyechelewa," alilalamika. Alibana mabega nyuma kama anayetaka kukamata njegere katikati ya mafupa ya mabega. Alipopata nafuu zaidi alilala kifudifudi na kuinua kifua kidogo tu kutoka kwenye godoro, akinitukana mimi badala ya daktari kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mimi nilifanya naye, maana nilikuwa nimeshapewa hukumu yangu. Mwanangu alitambaa kati yetu akidhani ni mchezo.

Ijumaa ilikuwa siku ngumu. Kidonge kile kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na baada yake usilale wala usile wala usinywe kitu kingine kwa nusu saa. Mama ambaye hajawahi kuanza siku bila chai ya kijani alizunguka uani na glasi ya maji, amenuna, akiuliza kila mara kama nusu saa haijafika. Lakini hakuruka hata Ijumaa moja. Na mchana alikaa juani amekunja mikono ya gauni, sahani ya maziwa ya mgando na lozi pembeni.

Theluji ilipoyeyuka tulimwita Fundi Barot, ambaye ndiye mjengaji wa matanuri ya mtaa wetu. Mama alimweleza: tanuri lilazwe ubavu, liinuliwe juu ya ukuta wa matofali, mdomo uwe sawa na kifua chake.

Barot alikuna ndevu. "Dada, yale ya kulaza najenga. Lakini hili la juu hivi? Tanuri litakuwa linakuangalia machoni kama afisa wa forodha."

"Ndivyo ninavyotaka. Nimeliangalia kwa kichwa chini miaka yote, sasa tuangaliane."

"Na mkate ukidondoka?"

"Utadondoka wangu, siyo wako."

Ilidondoka kweli. Asubuhi ya kwanza mikate kadhaa ilibanduka darini mwa tanuri ikaangukia makaa, na Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akicheka mpaka machozi. Ilibidi ajifunze upya: unga uwe mgumu kidogo, kiganja kikawie zaidi ukutani, mguu mmoja uwe mbele. Mimi nilikanda na kubeba. Unga tukaomba uletwe kwenye mifuko midogo. Barot alipita kila siku kuangalia kazi yake, na kila siku alikuta sababu ya kubaki mpaka mkate wa kwanza utoke. Alipoulizwa malipo ya kuja kurekebisha, alisema ameshakula.

Baada ya mwaka tulirudi kwa Daktari Lutfiya. Aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akazilinganisha pingili moja moja.

"Hakuna iliyobonyea tena," akasema.

Nundu ilikuwa bado ipo, na ipo mpaka leo. Lakini safari hii ngumi ya daktari haikupita nyuma ya kisogo cha Mama, vidole tu vilipita. Misuli ilikuwa imefanya yake. Mama alimpa mkate uliofungwa kwenye kitambaa, bado una joto la safari.

"Sikuja kukulipa kwa huu," akamwambia. "Nimekuja uone mikono yangu bado inafanya kazi. Wewe ndiye uliyeniachia mikono hii."

Daktari aliunusa, akaita manesi.

Kiangazi hicho binti wa Sabohat aliposwa. Kwetu siku ya posa mkate huvunjwa mbele ya pande mbili, na anayeuvunja huwa mwanamke ambaye familia inataka binti afuate nyayo zake. Sabohat alimchagua Mama. Shangazi mmoja wa upande wa mwanamume alinong'ona, na si kwa sauti ya chini sana, kwamba huyu ni mjane, tena mgongo wenyewe ndio huo.

"Nimesikia," Sabohat akasema kutoka upande wa pili wa chumba, sinia mkononi. "Huyu alilea watoto peke yake kwa moto wa tanuri moja. Binti yangu akipata nusu ya mgongo huo, nimeridhika. Nani mwingine ana la kusema?"

Shangazi yule akajishughulisha na chai yake.

Mama aliinuka. Alikunja magoti kwanza, kama alivyofundishwa, akasimama katikati ya wanawake wote, akaushika mkate kwa mikono miwili, akauvunja. Kisha akafungua viganja kuomba dua. Tulitarajia ile dua fupi ya posa, wapate watoto, wapate riziki. Aliomba hizo. Halafu akaendelea. Akamshukuru Mungu kwa daktari wa Khujand na mikono yake mikubwa. Akamshukuru kwa Barot ambaye hakumcheka sana. Akamshukuru kwa mama wa vitunguu, aliyekuwa amekaa pale pale na akainamisha uso. Akamshukuru kwa mkwe wake, na mimi nikaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Akafika kwa Sabohat, sauti ikamkatika, akajaribu tena, ikamkatika tena.

"Amina," Sabohat akasema haraka, macho yamelowa. "Amina, amina. Kaeni mle, jamani, pilau inapoa."